Edward Sokoine: Waziri Mkuu aliyehutubia nchi wakati maduka yakiwa matupu

Msikilizaji wetu, ukipanda basi hapa Ifakara kwenda Dodoma, unapita Kidatu, unatokea Mikumi, unaingia Morogoro mjini, kisha unashika barabara ya Dodoma. Mwendo si mrefu kutoka Morogoro unafika Dakawa, karibu na mto Wami. Abiria wengi hapo huwa wamesinzia au wanatafuta mahindi ya kuchoma. Lakini wazee wakipita hapo hunyanyua kichwa na kutazama nje ya dirisha. Hapo ndipo Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipofariki dunia kwa ajali ya gari, tarehe 12 Aprili 1984, akiwa na umri wa miaka 45.

Kwa hiyo sisi wa mkoa wa Morogoro tunalo deni la kumfahamu kiongozi huyu. Vijana wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilichopo Morogoro, au uwanja wa mpira wa Mbeya. Ukiwauliza alifanya nini, jibu huwa fupi: alipambana na walanguzi. Ni kweli, lakini habari yake ni ndefu zaidi ya hapo. Katika makala haya tunaeleza maisha yake, na zaidi tunaeleza jambo moja: kiongozi anaposimama mbele ya wananchi wakati wa hali ngumu ya uchumi, maneno yake yanaweza kufanya nini, na hayawezi kufanya nini.

Mtoto wa wafugaji wa Monduli

Sokoine alizaliwa tarehe 1 Agosti 1938 huko Monduli, mkoani Arusha, katika jamii ya Wamasai. Wakati huo watoto wachache wa wafugaji walipelekwa shule. Yeye alisoma Monduli, kisha akaenda sekondari ya Umbwe, chini ya mlima Kilimanjaro. Mwaka 1961, nchi ilipopata uhuru, alijiunga na chama cha TANU. Baada ya hapo alikwenda Ujerumani kusomea utawala, akarudi kufanya kazi ya serikali katika wilaya ya Masai.

Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa mbunge, akiwa na miaka 27 tu. Miaka miwili baadaye akawa naibu waziri wa mawasiliano, uchukuzi na ujenzi. Mwaka 1972 akapewa wizara ya ulinzi na jeshi la kujenga taifa. Tarehe 13 Februari 1977, siku chache tu baada ya TANU na ASP kuungana na kuwa Chama cha Mapinduzi, Mwalimu Julius Nyerere alimteua kuwa Waziri Mkuu, akichukua nafasi ya Rashidi Kawawa.

Alikuwa na sifa ya kuwa mkali kwa kazi na mnyenyekevu kwa maisha yake binafsi. Hakujulikana kwa mbwembwe. Watu wanaomkumbuka humtaja kama kiongozi wa kuagiza, kufuatilia na kuuliza kwa nini jambo halijafanyika.

Nchi inaishiwa

Ili uelewe hotuba zake, lazima kwanza uelewe hali ya nchi. Sokoine aliingia katika ofisi ya Waziri Mkuu mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Tanzania ikalazimika kuanza upya mambo mengi yaliyokuwa yakiendeshwa kwa pamoja, kama shirika la ndege, reli, posta na bandari. Mwaka uliofuata, 1978, majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Tanzania ilipigana vita hadi Amin akaondolewa mwaka 1979. Ushindi ulikuwa wa heshima, lakini gharama yake ilikuwa kubwa mno. Mwaka huohuo wa 1979 bei ya mafuta ya petroli ilipanda tena duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaja ukame katika sehemu nyingi za nchi.

Baada ya vita Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, mikanda ikabaki imefungwa.

Tatizo lilikuwa fedha za kigeni. Viwanda vya Tanzania vilihitaji vipuri na malighafi kutoka nje, na vitu hivyo vililipiwa kwa fedha za kigeni. Fedha hizo zilitoka zaidi katika mazao kama kahawa, pamba, mkonge na korosho. Mazao yalipopungua na bei yake kushuka huko nje, fedha za vipuri zilikosekana. Mashine zilisimama, malori yakawekwa juu ya mawe kwa kukosa matairi. Kiwanda kikifanya kazi nusu, bidhaa nazo zinatoka nusu.

Wenye umri wa kukumbuka hapa bondeni wanajua maana yake. Sabuni ilikuwa adimu, watu wakafua kwa majani ya mpapai. Sukari ilikuwa adimu hata kwetu, ilhali miwa ilikuwa imejaa mashambani Kidatu na kiwanda kipo palepale. Mafuta ya taa, khanga, chumvi, viberiti na mafuta ya kupikia, vyote vilipatikana kwa foleni au kwa kujuana. Betri za redio nazo zilikuwa adimu. Kwa hiyo hata kumsikiliza kiongozi akihutubia kupitia Radio Tanzania kulihitaji mwenye nyumba awe na bahati ya kupata betri, na majirani wakusanyike kwake.

Sokoine aliondoka katika uwaziri mkuu Novemba 1980, na nafasi yake ikachukuliwa na Cleopa Msuya. Tarehe 24 Februari 1983 Mwalimu alimrudisha. Hali ilikuwa mbaya kuliko alivyoiacha.

Jukwaani mwaka 1983

Mwezi mmoja tu baada ya kurudi, mwishoni mwa Machi 1983, serikali ilianza msako mkubwa dhidi ya watu walioitwa wahujumu uchumi. Sokoine ndiye aliyekuwa mbele. Alizungumza bungeni, alizungumza na viongozi wa mikoa, na alisimama kwenye mikutano ya hadhara. Alichosema, tukikieleza kwa maneno yetu, ni kwamba nchi ni maskini, lakini umaskini huo unafanywa kuwa mbaya zaidi na watu wanaoficha bidhaa ili waziuze kwa bei ya kuruka. Alisema pia kwamba miongoni mwao wamo watumishi wa serikali, wa mashirika ya umma na wa chama, na kwamba hao nao hawatasalimika.

Kwa mwananchi aliyekuwa amesimama foleni tangu alfajiri kutafuta kipande cha sabuni, maneno hayo yalikuwa kama maji kwa mwenye kiu. Kila mtu alikuwa anajua kuna mlango wa nyuma. Bidhaa ilifika katika ghala la kampuni ya biashara ya mkoa, RTC, lakini dukani haikuonekana, kisha jioni ikaonekana uchochoroni kwa bei mara tatu au nne. Watu walikuwa wakinong'ona. Sasa Waziri Mkuu alisema kwa sauti kile walichokuwa wakinong'ona wao. Hiyo ndiyo nguvu ya kwanza ya hotuba wakati wa shida: mtu anaona kwamba mkubwa anajua anavyoishi.

Nguvu ya pili ni kwamba maneno ya Sokoine yalifuatwa na vitendo, na vilikuja haraka. Polisi, wanajeshi na wanamgambo walipekua maghala, maduka na nyumba. Mamia ya watu walikamatwa katika muda mfupi. Watu waliokuwa na bidhaa walizozificha waliingiwa na hofu. Wengine walizitupa baharini au porini, wengine walizika fedha au kuzichoma, wengine waliacha mizigo barabarani usiku ili isijulikane ni ya nani. Katika maduka mengi bidhaa ambazo hazikuwa zimeonekana kwa miezi zilitokea ghafla, tena kwa bei halali ya serikali.

Ndiyo sababu hadi leo ukitaja jina la Sokoine kijiweni, mzee mmoja lazima aseme kwamba angekuwepo yeye, mambo haya yasingetokea.

Upande wa pili wa msako

Lakini sisi tukisimulia habari nusu tutakuwa tumewadanganya wasikilizaji. Msako ule ulikuwa na upande mwingine.

Bunge lilipitisha sheria maalumu ya uhujumu uchumi mwaka 1983. Sheria hiyo iliunda chombo cha pekee cha kusikiliza kesi, kikiongozwa na jaji akisaidiwa na watu wasio wanasheria. Mshitakiwa hakuruhusiwa dhamana. Hakuruhusiwa kuwa na wakili. Akihukumiwa hakuwa na pa kukata rufaa. Tena sheria iliwagusa watu waliokuwa wamekwishakamatwa kabla yake. Kwa lugha nyepesi, watu walikamatwa kwanza, sheria ya kuwashitaki ikafuata.

Katika wavu wa namna hiyo hawanaswi papa peke yao. Walinaswa pia dagaa. Mwenye katoni kadhaa za sabuni alizonunua kwa ajili ya duka lake la kijijini alijikuta katika kundi moja na mwenye ghala zima. Wapo walioponzwa na majirani waliokuwa na kinyongo. Wapo waliokaa ndani kwa muda mrefu, kisha wakaachiwa bila kosa kuonekana. Serikali yenyewe ilitambua kasoro hizo. Mwaka 1984 ilitungwa sheria nyingine ya makosa ya uhujumu uchumi na uhalifu wa kupangwa, na kesi hizo zikarudishwa katika Mahakama Kuu.

Mwaka huohuo wa 1983 kulikuwa na kampeni nyingine, iliyojulikana kama Nguvu Kazi. Kila mtu mwenye uwezo alitakiwa awe na kazi inayotambulika. Nia ilikuwa kuongeza uzalishaji, hasa wa chakula. Lakini Dar es Salaam watu walikusanywa mitaani, wakapelekwa vijijini, na miongoni mwao walikuwemo watu waliokuwa wakijitafutia riziki kwa biashara ndogondogo. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi, kwa sababu walikopelekwa hapakuwa na jembe, mbegu wala chakula cha kuanzia.

Mkulima wa mpunga alikuwa wapi?

Sasa turudi bondeni kwetu. Mkulima wa mpunga wa Kilombero katika miaka hiyo alitakiwa kuuza mazao yake kwa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, kwa bei iliyopangwa na serikali. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimefutwa mwaka 1976. Bei ya NMC ilikuwa ndogo, na malipo mara nyingi yalichelewa. Kusafirisha nafaka kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine kulihitaji kibali, na njiani kulikuwa na vizuizi.

Mkulima huyo akienda na fedha yake ya mpunga dukani, hakuti khanga, hakuti jembe, hakuti baiskeli. Basi anajiuliza: nilime heka tatu ili nikauze, nipate fedha za kununulia nini? Wengine walipunguza kulima cha kuuza. Wengine waliuza usiku kwa mfanyabiashara aliyelipa zaidi. Kwa sheria ya wakati ule, huo ulikuwa ulanguzi. Kwa mkulima ilikuwa ni kutafuta ada ya shule na dawa.

Hapa ndipo tunapoona mpaka wa hotuba. Hotuba kali inaweza kufichua sabuni iliyofichwa. Haiwezi kutengeneza sabuni ambayo haipo. Bidhaa zilizotokea maduka yalipotishwa mwaka 1983 ziliuzwa zikaisha, na nyingine hazikuja za kutosha, kwa kuwa kiwanda kilikuwa bado hakina vipuri na mkulima bado hakuwa na sababu ya kulima zaidi. Mfanyabiashara naye, hata yule mwaminifu, aliogopa kuweka akiba dukani asije akaitwa mlanguzi. Kwa hiyo baada ya muda rafu zilirudi kuwa tupu.

Alivyoanza kufungua milango

Ni vizuri kumtendea haki Sokoine. Hakuwa mtu wa kukamata tu. Katika kipindi chake hichohicho serikali ilianza kulegeza baadhi ya mambo yaliyokuwa yamefungwa. Dar es Salaam usafiri wa abiria ulikuwa mikononi mwa shirika la umma ambalo mabasi yake mengi yalikuwa yameharibika. Mwaka 1983 watu binafsi wenye magari waliruhusiwa kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi tano wakati ule iliitwa dala. Ndipo yakazaliwa daladala. Leo hata Ifakara neno hilo ni la kawaida, na wachache wanajua kwamba lilitoka katika miaka ile ya shida.

Mwaka huo ilitoka pia sera mpya ya kilimo iliyompa nafasi mkulima binafsi mdogo na mkubwa, na sheria ya kurudisha vyama vya ushirika ilikuwa imekwishapitishwa mwaka 1982. Kwa maneno mengine, kiongozi yuleyule aliyewakemea wafanyabiashara jukwaani alikuwa katika serikali iliyoanza kukubali kwamba dola peke yake haiwezi kubeba kila mzigo. Sisi tunaona hilo ni jambo la kukumbukwa, kwa sababu si rahisi kiongozi aliyeshangiliwa kwa ukali arudi nyuma na kulegeza kamba.

Safari ya mwisho

Aprili 1984 Sokoine alikuwa Dodoma kwenye kikao cha Bunge. Kikao kilipomalizika, tarehe 12 alianza safari ya kurudi Dar es Salaam kwa barabara. Walipofika Dakawa, gari lake liligongana na gari lililokuwa likiendeshwa na mkimbizi kutoka Afrika Kusini, wa chama cha ANC. Wakati huo ANC ilikuwa na makazi na shule katika mkoa wetu, Mazimbu na hapohapo Dakawa, ambako vijana waliokimbia ubaguzi wa rangi walikuwa wakiishi na kusoma.

Jioni hiyo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitangaza msiba kupitia Radio Tanzania. Wazee wengi wanakumbuka walikuwa wapi waliposikia. Waliokuwa na redio waliongeza sauti, waliokuwa njiani walisimama. Sokoine alizikwa nyumbani kwake Monduli Juu.

Tangu siku hiyo kumekuwa na maneno mengi kuhusu ajali ile. Serikali ilieleza kuwa ni ajali ya barabarani, na dereva wa gari la pili alishitakiwa mahakamani. Sisi hapa redioni hatuongezi chumvi. Uvumi huo, hata hivyo, unatuambia jambo moja: watu walikuwa wamempenda kiasi cha kushindwa kuamini kwamba barabara tu ndiyo iliyomchukua. Wengi walikuwa wakimtazama kama mtu ambaye angeweza kumrithi Mwalimu, aliyestaafu urais mwaka uliofuata.

Miezi miwili tu baada ya kifo chake, bajeti ya Juni 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa fedha zilitoka wapi. Shilingi ilishushwa thamani. Taratibu sabuni, nguo na baiskeli zikaanza kuonekana tena madukani, ingawa bei zilikuwa za juu na si kila mtu aliyezimudu. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo, chuo kikuu cha kilimo kilianzishwa Morogoro kikapewa jina la Sokoine. Tangu wakati huo kimetoa mabwana shamba na mabibi shamba wengi, na baadhi yao wamefika hadi mashamba yetu ya mpunga.

Tunajifunza nini?

Msikilizaji wetu, bei ikipanda, kila zama huleta jukwaa na kiongozi wa kusimama juu yake. Tunapomkumbuka Sokoine, tunaweza kusikiliza hotuba za leo kwa masikio mawili.

Sikio la kwanza lisikilize kama kiongozi anaijua hali yetu na kama yuko tayari kuwagusa wakubwa wenzake, si wachuuzi wa sokoni peke yao. Katika hilo Sokoine alifaulu, na ndiyo maana watu walimwamini.

Sikio la pili lisikilize kama kuna jibu la swali la mkulima: mbolea itafika lini, mpunga utanunuliwa kwa bei gani, barabara ya kuutoa shambani itapitika masika? Pia lisikilize kama anayetuhumiwa atapata nafasi ya kujitetea. Pale hotuba za 1983 zilipokosa majibu hayo, makofi yalikwisha na foleni ikabaki.

Kwa hiyo siku utakapopita Dakawa, usisinzie. Nyanyua kichwa utazame nje. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee anayekumbuka mwaka 1983, alikuwa anauza, anasimama foleni au alikuwa miongoni mwa waliosombwa, mwombe akusimulie. Kisha tutumie simulizi hiyo kwa ujumbe mfupi, tuisome hewani katika kipindi chetu, wengine nao wasikie.